Hata Mla Riba Ana Rasilmali Yake

 

Kuna kauli ambayo tumeisikia mara nyingi katika baraza za misikiti yetu, kuanzia Maili Moja na Mlandizi hadi Kisarawe mjini na Maneromango, nasi tumeona si vyema kuendelea kuinyamazia. Kila inapotajwa habari ya benki iliyofungwa na watu kupoteza fedha zao, au ya serikali iliyokata fedha za wananchi zilizomo benki, hutokea ndugu akasema: "Waache waliwe, fedha yenyewe ya riba." Wengine hucheka, na wengine hutikisa kichwa kwa kuafiki. Wapo wanaodhani kuwa huo ndio ukali wa dini unaotakiwa kwa mtu wa Sunna.

Sisi tuliofundisha kwa miaka katika madrasa na darsa kuwa riba ni haramu, haturudi nyuma hata hatua moja katika tuliyoyafundisha. Aya za Suratul Baqara kuanzia ya 275 ziko wazi, na tangazo la vita kutoka kwa Allah na Mtume wake dhidi ya wala riba halijafutwa. Lakini tunamwomba ndugu anayesema maneno hayo aisome aya ya 279 mpaka mwisho wake. Ndani ya aya hiyo hiyo ya vita, Allah (s.w.) amemhakikishia aliyetubia kuwa rasilmali yake ni yake, asidhulumu na wala asidhulumiwe. Kilichobatilishwa ni ziada. Shina la mali limebaki na mwenyewe.

Ndivyo alivyofanya Mtume (s.a.w.) katika khutba ya Hijja ya kuaga, mwaka wa 10 Hijria. Alibatilisha riba zote za zama za ujahilia, na ya kwanza aliyoitangaza kuwa imebatilika ilikuwa ya ami yake mwenyewe, Abbas bin Abdul-Muttalib (r.a.). Hakuanza na riba ya mtu wa mbali. Hata hivyo, alichokibatilisha ni riba. Rasilmali ya Abbas hakuigusa. Na katika khutba hiyo hiyo alitangaza kuwa damu za watu, mali zao na heshima zao ni haramu kuvunjwa, kama ulivyo mtakatifu mji wa Makka na mwezi wa Dhulhijja.

Atasema mtu: hiyo ni kwa aliyetubia, vipi kuhusu asiyetubia? Tunajibu kuwa serikali zilizokata amana za watu hazikuzikata kwa ajili ya kuipiga vita riba. Zilizikata ili kuziokoa benki za riba zisife. Kumnyang'anya mtu rasilmali yake ili uwalipe wala riba wakubwa zaidi yake hakuwi adhabu ya kisheria, hata kama aliyenyang'anywa ni mwenye dhambi.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni ule wa kisiwa cha Cyprus mwaka 2013. Wasomaji wa sira wanakifahamu kwa jina la Qubrus. Ndiko alikofia Ummu Haram bint Milhan (r.a.), aliyebashiriwa na Mtume (s.a.w.) kuwa atakuwa miongoni mwa watakaopanda bahari katika njia ya Allah, na kaburi linalonasibishwa naye lingaliko karibu na mji wa Larnaca. Karne nyingi baada yake, benki za kisiwa hicho zilijikusanyia amana za watu wa ndani na wa nje, wakiwamo Warusi wengi, kwa kuwavutia kwa riba ya juu, mpaka ukubwa wa benki ukawa mara kadhaa ya pato la nchi nzima. Fedha nyingi zikakopeshwa serikali ya Ugiriki kwa njia ya hati fungani. Ugiriki ilipozidiwa na madeni, mwaka 2012 wadai wake walilazimika kupoteza zaidi ya nusu ya thamani ya hati hizo, na benki za Cyprus zikabaki na mashimo ambayo serikali yao haikuwa na uwezo wa kuyafukia.

Usiku wa kuamkia Jumamosi tarehe 16 Machi 2013, mawaziri wa fedha wa nchi zinazotumia yuro walifikia makubaliano na serikali ya kisiwa hicho. Ingepewa mkopo wa yuro bilioni 10, kwa sharti kuwa yuro bilioni 5.8 nyingine zitoke katika akaunti za wateja wa benki. Mwenye amana isiyozidi yuro 100,000 angekatwa asilimia 6.75, na mwenye zaidi ya hapo asilimia 9.9. Ilipewa jina la kodi. Watu waliamka asubuhi wakakuta benki zimefungwa, wakapanga foleni kwenye mashine za kutolea fedha mpaka zikakauka.

Ieleweke kuwa amana zisizozidi yuro 100,000 zilikuwa na dhamana ya sheria katika nchi zote za Umoja wa Ulaya. Mzee aliyeweka kiinua mgongo chake, mwenye duka, mjane aliyeuza shamba, wote walikuwa wameahidiwa kwa maandishi kuwa benki ikifa, fedha yao itarudi kamili. Wakubwa walipoona kuwa kulipa dhamana ni ghali, wakabadilisha jina: hatujavunja dhamana, sisi tunatoza kodi tu. Allah (s.w.) ameamrisha katika mwanzo wa Suratul Maida kutimiza ahadi na mikataba, na mkataba uliovunjwa kwa kubadilishwa jina umevunjwa vile vile. Hila za namna hii tunazijua sisi Waislamu, kwani wapo miongoni mwetu wanaoiita riba kwa majina ya biashara wakadhani imekuwa halali.

Tarehe 19 Machi bunge la Cyprus liliikataa kodi hiyo. Wabunge 36 walipinga, 19 hawakupiga kura ya upande wowote, na hakuna hata mmoja aliyeikubali, hata wa chama tawala. Siku sita baadaye, tarehe 25 Machi, yakapatikana makubaliano mengine. Benki ya pili kwa ukubwa, Laiki, ilivunjwa. Amana zilizo chini ya yuro 100,000 zikaachwa salama. Wenye zaidi ya kiwango hicho katika Laiki wakapoteza sehemu kubwa ya kilichozidi, na wale wa Bank of Cyprus, iliyo kubwa kuliko zote, asilimia 47.5 ya kilichozidi ikageuzwa hisa. Benki zilipofunguliwa tena tarehe 28 Machi, mtu hakuruhusiwa kutoa zaidi ya yuro 300 kwa siku.

Cyprus haikuwa ya kwanza. Julai 1992 serikali ya Italia ilikata asilimia 0.6 ya fedha zilizokuwamo katika akaunti za benki kwa amri ya usiku mmoja, nayo ikaita kodi. Waitaliano wenye umri mkubwa wanaikumbuka mpaka leo.

Sasa tuingie katika fiqhi, maana hapo ndipo penye faida. Neno letu la Kiswahili limetuchanganya. Tunasema "amana" kwa fedha iliyowekwa benki, na hata chombo cha serikali yetu kinachofidia wateja wa benki zilizofilisika kinaitwa Bodi ya Bima ya Amana. Lakini katika vitabu vya mafakihi, amana ni kitu unachompa mtu akutunzie, na akurudishie kile kile. Haruhusiwi kukitumia. Kikiharibika bila ya uzembe wake, halipi. Benki haifanyi hivyo hata kidogo. Inaichukua noti yako, inaichanganya na za wengine, inaitumia, inaikopesha, na inadaiwa mfano wake. Huo ni mkopo. Baraza la Fiqhi la Kiislamu la Kimataifa lenye makao yake Jeddah, katika kikao chake cha tisa kilichofanyika Abu Dhabi mwaka 1995, lilitamka kuwa amana za hundi na za kawaida zilizomo benki ni mikopo kwa mtazamo wa fiqhi, na benki ina dhima ya kuirudisha kila inapodaiwa. Lilizitenga akaunti za uwekezaji za benki za Kiislamu zinazoendeshwa kwa mudharaba, kwa sababu humo mwenye mali ameingia kwa kujua kuwa ni mshirika katika faida na katika hasara.

Na hili halikuanzia Jeddah. Katika Sahihi ya Bukhari kuna habari ndefu ya Zubayr bin al-Awwam (r.a.), ambayo tungependa ifundishwe katika kila madrasa yenye wanafunzi wakubwa. Watu walikuwa wakimletea Zubayr mali zao awatunzie. Naye akikataa kuzipokea kama amana. Akisema afadhali ziwe mkopo, kwa sababu anaogopa zisipotee. Tuliangalie hilo kwa makini. Kama angezipokea kama amana, zikapotea bila ya kosa lake, asingedaiwa chochote. Alizigeuza mkopo ili azibebe shingoni mwake, mwenye mali asipate hasara. Alipouawa mwaka wa 36 Hijria, siku ya Vita vya Ngamia, mwanawe Abdullah alihesabu madeni akayakuta 2,200,000. Hakuacha dinari wala dirhamu, aliacha ardhi na nyumba. Abdullah akaiuza ardhi ya Ghaba, akawalipa wadai, na warithi walipomtaka agawe mirathi akakataa. Miaka minne mfululizo alisimama katika msimu wa Hijja akitangaza kuwa mwenye kumdai Zubayr aje alipwe. Baada ya hapo ndipo akagawa.

Linganisha na wakuu wa benki waliofunga milango Ijumaa jioni.

Kwa hiyo mwenye akaunti benki ni mdai, na benki ni mdaiwa wake. Tukilielewa hili, tunaweza kuyapima makubaliano mawili ya Cyprus kwa mizani ya sheria, na hukumu yake si moja. Ya kwanza, yaani kodi kwa kila mwenye akaunti katika kila benki, ni dhulma isiyo na sura nyingine. Ni sawa na kumwambia mtu: kwa kuwa mdaiwa wa jirani yako amefilisika, nawe lipa. Aliyeweka fedha yake katika benki iliyo nzima alikuwa na kosa gani? Ya pili ina uchungu, lakini iko karibu zaidi na mlango unaojulikana katika fiqhi, nao ni mlango wa muflisi. Mdaiwa akifilisika, mali yake iliyobaki hukusanywa na wadai wake wakagawana kwa kadiri ya madeni yao, na anayekosa sehemu ya haki yake hana wa kumlaumu ila yule aliyemkopesha. Kinachotakiwa ni kuwa wenye benki wenyewe, yaani wanahisa na wakuu wake, ndio waanze kuvuliwa. Hatusemi kuwa yaliyofanyika Machi 25 yaliafikiana na Sharia. Tunasema tu kuwa kati ya kumla mdai wa muflisi na kumla mpita njia kuna tofauti, na wale waliokuwa wakiyatetea makubaliano ya kwanza kwa hoja ya uadilifu hawakuiona.

Wapo waliosema: lakini wengi wao walikuwa matajiri wa Kirusi, na fedha zenyewe hazijulikani zilitoka wapi. Mtume (s.a.w.) usiku wa Hijra alikuwa anatafutwa na Maquraishi ili auawe, na nyumbani kwake zilikuwamo amana za Maquraishi hao hao. Alimwacha Ali bin Abi Talib (r.a.) Makka ili azirudishe kwa wenyewe. Ikiwa mali ya anayekusudia kukuua hairuhusiki, ya Mrusi aliyefungua akaunti Nicosia itaruhusikaje kwa dhana? Mwizi ashitakiwe kwa wizi wake, na athibitishiwe.

Likabaki swali zito: je, kiongozi hana haki kabisa ya kutoza mali za watu wakati wa dharura? Wanachuoni wamelijadili. Imamu Ghazali na Imamu Shatibi wameandika kuwa hazina ikiwa tupu na nchi ikavamiwa na adui, kiongozi muadilifu anaweza kuwatoza matajiri kiasi kinachokidhi haja. Lakini masharti yake si ya kuchezewa, na aliyeyasimamia kwa vitendo ni Sheikh Izzuddin bin Abdis-Salam (r.a.) huko Misri. Mwaka wa 657 Hijria, sawa na 1259, Wamongolia walikuwa wameshaiangusha Baghdad na wanaelekea Sham. Sultani Qutuz alitaka kuwatoza raia ili kuliandaa jeshi, akaomba fatwa. Sheikh alimjibu kuwa hapana, mpaka kwanza vitolewe vilivyomo katika hazina, na maamiri watoe mikanda yao ya dhahabu, mapambo na vyombo vya fahari, na wabaki sawa na raia wa kawaida katika silaha na kipando. Visipotosha hivyo, ndipo raia waombwe. Mwaka uliofuata, katika mwezi wa Ramadhani, Wamongolia walishindwa Ain Jalut.

Hilo ndilo swali linalopaswa kuulizwa kila panapotajwa dharura ya nchi: mikanda ya dhahabu iko wapi?

Wasomaji wetu wasidhani kuwa Cyprus ni mbali. Ilikuwapo benki moja, FBME, iliyohamishia makao yake makuu Dar es Salaam mwaka 2003, huku shughuli zake nyingi zikiendelea kufanyika katika tawi lake la Cyprus. Julai 2014 Wizara ya Fedha ya Marekani iliituhumu kuwa kichaka cha kusafishia fedha haramu, Benki Kuu ya Tanzania ikaiweka chini ya uangalizi wake, na tarehe 8 Mei 2017 ikaifutia leseni. Tarehe 4 Januari 2018 zikafutiwa leseni benki tano kwa siku moja kwa kukosa mtaji wa kutosha: Covenant, Efatha, ya Wananchi Njombe, ya Wananchi Meru, na ya Ushirika wa Wakulima Kagera. Katika nyakati zote hizo kiwango cha juu cha fidia kwa mteja mmoja kilikuwa shilingi 1,500,000. Baadaye kikapandishwa hadi 7,500,000. Anayezidi hapo husubiri mali za benki ziuzwe, akiwa miongoni mwa wadai. Ni mlango ule ule wa muflisi.

Tumeyaandika haya kwa sababu wakulima wetu wa korosho, Kisarawe kwa Kibaha, hulipwa kupitia benki. Mzee wa Masaki au wa Mzenga hakuchagua kuwa mteja wa benki; alitakiwa afungue akaunti ili apate jasho lake. Ni haki yake kujua kuwa fedha ile, mara inapoingia, ni mkopo aliomkopesha mwenye benki, na kuwa bima yake ina ukomo.

Na aliyepatwa na msiba wa fedha yake kukwama katika benki iliyofilisika, asisumbuke pia na zaka ya fedha asiyoishika. Baraza lile lile la Jeddah liliamua mwaka 1985 kuwa deni lililo kwa mtu asiye na uwezo wa kulipa, mwenyewe atalitolea zaka baada ya kupitiwa na mwaka tangu siku aliyolipokea.

Ama tozo. Nchi yetu haikuwa katika msukosuko wa mabenki mwaka 2021, lakini mkono ulioingia ulifanana. Kuanzia tarehe 15 Julai 2021 kila aliyetuma au kutoa fedha kwa simu alikatwa kati ya shilingi 10 na 10,000 kwa muamala mmoja. Wananchi walilalamika, ikapunguzwa kwa asilimia 30 mwezi Septemba. Julai 2022 kiwango cha juu kikashushwa hadi shilingi 4,000, ila tozo yenyewe ikapanuliwa mpaka benki. Malalamiko yakazidi, na kuanzia tarehe 1 Oktoba 2022 serikali ikaiondoa katika kuhamisha fedha kati ya akaunti na akaunti na kati ya benki na simu, ikamsamehe pia anayetoa fedha taslimu isiyozidi shilingi 30,000. Uadilifu unatutaka tuseme kuwa fedha hizo zilielekezwa katika vituo vya afya na madarasa, na wapo wanaotibiwa humo leo. Uadilifu huo huo unatutaka tuseme kuwa tozo ile haikuuliza kama anayekatwa ana ziada au hana. Mama aliyetumiwa shilingi 20,000 ya dawa na mwanawe aliyeko Kariakoo alikatwa katika fedha ambayo haikuwa imefika hata nusu ya haja yake. Ghazali na Shatibi walizungumzia matajiri.

Matokeo yake tuliyaona kwa macho yetu. Watu walirudi kwenye kibubu na godoro. Msikiti mmoja wa upande wetu uliondoa benki fedha ya kuezekea, kwa kukwepa tozo, ukaiweka nyumbani kwa mweka hazina. Kisanduku kilivunjwa kabla ya kununuliwa bati la kwanza. Mweka hazina huyo ni mcha Mungu, na katika hukumu halipi kama hakuzembea, kwa sababu kwake ile ilikuwa amana ya kweli. Lakini waumini wamegawanyika tangu siku hiyo, na wapo wasiomsalimia. Rai yetu ni kuwa fedha ya msikiti isilale nyumbani kwa mtu. Tangu mwaka 2011 ipo Amana Bank inayoendeshwa bila ya riba, na zipo benki nyingine zilizofungua madirisha ya Kiislamu. Kamati ziulize mkataba wa akaunti ni wa mkopo au wa mudharaba, na jibu liandikwe katika daftari la kamati. Aya ya 282 ya Baqara, iliyo ndefu kuliko zote, imekuja kwa ajili ya kuandikiana.

Limebaki la mwisho, nalo ndilo lililotufanya tukae kuandika. Mzee mmoja wa Maneromango alitufuata baada ya darsa akauliza: "Maalim, mimi nimekatwa tozo mwaka mzima, na benki inanikata kila mwezi. Je, siwezi kuhesabu kuwa ndiyo zaka yangu?" Tulimjibu kuwa hapana. Zaka ina nia, ina nisabu, ina mwaka, na ina watu wanane waliotajwa katika aya ya 60 ya Suratut Tawba. Tozo haina hata kimoja kati ya hivyo. Ulichokatwa kimetoka katika mali yako, basi hakihesabiwi. Kilichobaki ndicho kinachohesabiwa. Fedha iliyomo benki ni mali yako hata kama huioni, kwa kuwa ni deni kwa mdaiwa unayeweza kumdai leo na akakulipa. Ikifikia thamani ya gramu 595 za fedha, au gramu 85 za dhahabu kwa wanaopima kwa dhahabu, na ikatimiza mwaka wa mwezi, ina asilimia 2.5.

Watu wa Cyprus waliingia barabarani kwa asilimia 6.75 iliyotaka kuchukuliwa kwa nguvu, na walikuwa na haki. Sisi Mola wetu ametutaka asilimia 2.5, kwa mwenye uwezo tu, baada ya mwaka mzima, iende kwa maskini wa kijiji chetu. Hatuandamani. Tunakaa kimya tu, na hatutoi. Tunazungumza sana juu ya riba ya wenzetu, ilhali ndani ya akaunti zetu imo haki ya fakiri iliyolala miaka.

Mzee alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama miaka iliyopita nayo inahesabiwa. Tukamwambia ndiyo, ni deni. Alikuwa na akaunti tangu korosho ianze kulipwa kupitia benki katika kijiji chao, na hakuwahi kuitolea. Wiki iliyofuata alikuja na karatasi za benki za miaka yote hiyo zimekunjwa ndani ya kanzu, tukakaa naye ukumbini kuanzia Alasiri mpaka adhana ya Magharibi, mwaka baada ya mwaka, na palipokuwa na riba tukaitenga kando.